Ndoo Tulizozificha

Mei 4
Daftari hili ni la Egberto, mume wangu. Aliandika kurasa kumi na moja kwa penseli, zote za habari ya paa, halafu mwezi wa Februari akafa akiwa kitini, kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Kurasa zilizobaki ni safi. Mimi si mtu wa kutupa karatasi, kwa hiyo nitaandika humu habari za siku, kama zipo.

Mei 6
Hakuna habari. Joto.

Mei 11
Mvua ya kwanza. Tone moja juu ya kabati.

Mei 12
Matone matatu. Sasa nimeelewa tulichosahau.

Kila mwaka, mwisho wa Aprili, Egberto alikuwa akipanda juu ya mabati na kopo la lami na kijiti alichokizungushia kitambaa, akaziba matundu ya nyumba nzima. Nyumba yetu ni ya mbao, ghorofa mbili, vyumba kumi na viwili, na hapa mjini Colón hakuna aliye hai anayekumbuka ilipojengwa. Mimi nilikuwa nasimama chini barabarani nikishika ngazi, ingawa ngazi ilifungwa kwa kamba na haikuhitaji kushikwa. Akiwa huko juu alikuwa akisema, "Icilda, ukiiachia tu, nitajua." Mwaka huu Aprili ilikuja ikapita. Nilikuwa nahesabu siku tangu mazishi, sikuhesabu siku za kufika mvua.

Kopo bado liko nyuma ya mlango. Lami imeganda na kijiti kimesimama wima ndani yake.

Mei 13
Nimesoma kurasa zake. "Namba kumi, matundu manne. Namba tatu, moja kubwa. Kwetu, kesho." Mwaka uliofuata: "Namba kumi tena. Namba saba, msumari umeng'oka. Kwetu, kesho." Ndivyo zilivyo zote kumi na moja.

Mei 20
Don Evaristo amekuja. Yeye ndiye msimamizi wa nyumba. Mwenye nyumba ni Doña Hersilia, anakaa mji mkuu, nimemwona mara moja maishani. Don Evaristo alikuja kwenye mazishi na maua meupe, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Leo alivua kofia mlangoni kama kawaida yake. Nilimwonyesha beseni.

"Mis Icilda, hilo lisikukoseshe usingizi," alisema. "Mwezi ujao nawaleta mafundi, paa lote, mabati mapya. Na presha yako je? Unakunywa dawa?"

Nilimwambia nakunywa. Egberto alikuwa akisema huyu ni muungwana, na kweli ni muungwana.

Juni 2
Ndoo mbili na beseni.

Juni 9
Dalila wa namba kumi amenigongea. Huyu ni muuza tikiti za bahati nasibu, anakaa na ubao wake wa namba kwenye kona ya bustani, na sauti yake inafika kabla ya yeye mwenyewe. Nakiri kwamba kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikimsalimia kwa ncha ya ulimi. Siku ya matanga ya mama mkwe alicheka kwa sauti pale ngazini, na mimi sisahau vitu vidogo.

"Mis Icilda! Kwako kunanyesha?"

"Kidogo."

"Kidogo! Kwangu samaki wanataga. Na huyo Evaristo amekuahidi nini?"

"Mafundi. Mwezi huu."

"Mwezi huu wa mwaka gani, mama? Mimi kaniahidi tangu binti yangu ana meno ya maziwa. Sasa binti ana mume."

Akaniambia yuko mteja wake mmoja, wakili, ambaye kila Jumatano hununua namba inayoishia na saba, na huyo amemweleza sheria. Paa, ngazi, maji na choo ni kazi ya mwenye nyumba. Asipotengeneza, mpangaji ana haki ya kwenda ofisi ya nyumba na kushtaki. Kodi anaiweka huko huko ofisini mpaka paa litengenezwe.

Nilimwambia Don Evaristo ni mtu mzuri, tumpe nafasi.

"Mpe," alisema. "Na ndoo nyingine ujipe."

Juni 25
Fundi amefiwa, amesema Don Evaristo. Nimempa pole amfikishie.

Julai 8
Mabati yako njiani kutoka mji mkuu. Dalila alisema meli nzima huvuka mfereji kutoka bahari ile hadi hii kwa siku moja, lakini mabati ya Evaristo yanasafiri kwa magoti.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Februari, na nilishtuka kusikia sauti yangu.

Julai 19
Ndoo nne. Kiti cha Egberto nimekisogeza. Ni kiti cha kubembea, na kwa miaka thelathini na minane kimebembea mahali pamoja mpaka kimechimba mifereji miwili kwenye mbao za sakafu, kila mmoja urefu wa mkono. Nimekiweka pakavu, lakini huko hakikai sawa. Kinayumba.

Agosti 3
Nilimwambia Don Evaristo kwamba tumefikiria kupeleka kodi ofisini. Nilisema polepole na kwa heshima. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akaangalia kofia yake.

"Mis Icilda. Miaka yote hii. Egberto angenifanyia hivyo?"

Nikamwomba radhi. Nikampa kodi, na mkate wa nazi aende nao.

Agosti 4
Nimewaza usiku kucha. Egberto asingemfanyia hivyo, ni kweli. Egberto alikuwa anapanda juu na lami.

Agosti 14
Nimekwenda na Dalila ofisi ya nyumba. Tulikaa tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Dalila aliuza tikiti kumi na nne kwa watu wa foleni. Karani alituandikia malalamiko, akayapiga muhuri. Mkaguzi atakuja tarehe ishirini na nane. Tulirudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja, na Dalila alinishika kiwiko kwenye kila dimbwi.

Agosti 24
Mvua imekatika. Jua siku ya pili.

Agosti 27
Mgeni wa serikali anakuja kesho. Nimepiga sakafu nta nyekundu, nikaisugua kwa nusu ya kumbi la nazi chini ya mguu, kama alivyonifundisha mama, mpaka ukitazama chini unaona taa. Mama alizaliwa Barbados na alikuja hapa na sanduku moja. Alikuwa na neno lake: mgeni anaweza kukuta huna chakula, asikukute huna usafi. Nimefua mapazia. Doa la kahawia kwenye dari lilinitia aibu, nikalipaka chokaa. Ndoo nimezisukuma chini ya kitanda, na shuka nikaiteremsha mpaka chini.

Nilichungulia kwa Dalila. Alikuwa juu ya kiti, vikunjio vya nywele kichwani, akipaka dari lake rangi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Na mimi nina mama."

Agosti 28
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mkaguzi ni kijana, jina lake Ariel, viatu safi, adabu nzuri. Nyumba nzima ilinukia nta. Jua liliwaka. Namba tatu walikuwa wamewavisha watoto nguo za kanisani. Aliingia kwangu, akasimama mlangoni, akaogopa kukanyaga.

"Mama, sakafu gani hii! Laiti mke wangu angeiona."

Nilimkaribisha mkate wa nazi. Alikula vipande viwili. Aliinama akaigusa mifereji ya kiti, akauliza ni ya nini, nikamweleza. Kisha akatoa kalamu.

"Panavuja wapi?"

Nikamwonyesha dari. Aliinua kichwa. Dari lilikuwa jeupe.

"Panavuja sana, mama?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi: kabati, godoro, ndoo nne, kikohozi cha watoto wa namba tatu. Mdomo wangu ukasema, "Si sana, mwanangu. Tunavumilia."

Akaandika.

Kwa Dalila nilidhani mambo yatakuwa tofauti, yule mwanamke hajui kunong'ona. Nilimsikia kupitia ukutani. Alikuwa akisema, "Karibu, karibu, samahani kwa fujo," na hakukuwa na fujo hata chembe.

Agosti 29
Hatujasemeshana, mimi na Dalila.

Septemba 1
Mvua imerudi. Chokaa imeporomoka ndani ya ndoo, maji meupe kama maziwa.

Septemba 17
Barua ya ofisi imefika. "Nyumba ni kongwe lakini inakalika. Usafi ni wa kupigiwa mfano. Uvujaji mdogo, kwa maelezo ya wapangaji wenyewe." Mwenye nyumba anashauriwa kufanya matengenezo atakapopata wasaa.

Dalila aliisoma pale ngazini, mara mbili, kisha akakaa kwenye kidato.

"Tumejimaliza wenyewe, Mis Icilda. Kwa kumbi la nazi."

Nilikaa naye. Kidato kilikuwa kimelowa.

Septemba 22
Don Evaristo ameiona barua. Amefurahi kwamba ofisi imeridhika. Wasaa utapatikana baada ya sikukuu.

Oktoba 6
Mvua.

Oktoba 7
Mvua.

Oktoba 11
Ubao wa dari umeanguka juu ya kitanda, upande wangu. Nilikuwa jikoni. Godoro limelowa upande huo wote. Upande wa Egberto ni mkavu, lakini sijaugusa upande huo tangu Februari. Nimelala sakafuni, kwenye mkeka.

Oktoba 15
Tumerudi ofisini. Safari hii nilichukua daftari hili, nikamwonyesha Ariel kurasa kumi na moja za mwanzo, nimthibitishie kwamba paa hili linavuja tangu zamani. Nilikuwa na wasiwasi asije akageuza kurasa zaidi. Hakugeuza. Alisoma mwandiko wa Egberto kwa makini, kidole kikifuata mistari.

"Mama, nitasema kweli," alisema. "Hii ikienda mbele, wao watasema ni ushahidi wao. Inaonyesha paa lilikuwa likitunzwa kila mwaka."

"Na nani?" Dalila alimuuliza. "Likitunzwa na nani, baba? Na marehemu! Na mtu wa miaka sitini na tisa juu ya mabati!"

"Haikuandikwa ni nani aliyelipia lami."

Kweli haikuandikwa. Egberto hakuwa mtu wa kuandika hivyo.

Ariel alisema ataomba ukaguzi wa pili, lakini foleni ni ndefu, labda Januari.

Oktoba 16
Leo nimemkasirikia Egberto. Naandika ili niione hasira yangu. Kama angewaacha majirani wavujiwe mwaka mmoja tu, miaka ishirini iliyopita, sote tukiwa na nguvu za kupiga kelele, huenda leo tungekuwa na mabati. Wema wake ulimpumzisha Doña Hersilia. Nilimwambia hivyo kwa sauti, hapa chumbani, na kiti kikayumba kidogo kwa sababu nilikigonga na goti.

Kisha nikakifuta vumbi.

Oktoba 24
Ndoo sita. Dalila ameniletea wali wa mbaazi na nazi, sahani imefunikwa. Alisema kwake meza imelowa na hapendi kula peke yake akiwa amesimama. Tulikula tukisikiliza ndoo.

"Siku ile ya matanga ya mama mkwe wako," alisema ghafla. "Najua unaniwekea kinyongo. Nilikuwa nimeshinda bahati nasibu siku ile ile. Miaka kumi nilikuwa nimewauzia watu, sikuwahi kushinda hata mara moja. Nilicheka kabla sijakumbuka."

"Ulishinda kiasi gani?"

"Viatu," alisema. "Jozi moja."

Novemba 3
Sikukuu ya taifa. Bendera tumezitundika kwenye roshani. Mvua na ngoma.

Novemba 5
Ni siku ya Colón, siku yetu. Kila mwaka bendi za shule hupita chini ya roshani yetu, na nyumba nzima hutoka kutazama. Egberto alikuwa akikitoa kiti chake nje, na mpiga ngoma kubwa akipita alikuwa akimwinulia kofia.

Saa nne asubuhi tulikuwa kumi na mmoja pale roshanini, na watoto watatu wa namba tatu wamening'inia kwenye uzio. Niliwaita watoto waje wachukue mkate. Hakukuwa na sababu nyingine, mkate ulikuwa wa moto. Walipoingia ndani wote watatu, nikasikia sauti kama mtu anayekunja gazeti kubwa. Roshani ilishuka kiganja kimoja upande wa kushoto na kusimama. Ule uzio waliokuwa wameushika haukuwepo tena. Ulikuwa barabarani, na wapiga tarumbeta wamerukia pembeni.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walirudi ndani mmoja mmoja wakiwa wamebana ukuta. Dalila alikuwa wa mwisho, na ubao ukampasukia, mguu ukazama hadi pajani. Nikalala kifudifudi mlangoni, nikamshika kwapani.

"Ukiniachia tu, nitajua," alisema.

Hakuwa na namna ya kuyajua maneno hayo. Alikuwa akitania tu kwa sababu ya maumivu. Nilimvuta mpaka mikono yangu ikafa ganzi, na watu wa namba saba wakaja tukamtoa. Mguu umechanika kuanzia goti hadi kifundo. Mfupa ni mzima. Chini, bendi ilijipanga tena ikaendelea kupiga.

Novemba 6
Ariel amekuja leo leo. Hakungoja Januari. Hakuna aliyepiga nta. Ndoo saba zilikuwa wazi sakafuni, shuka chafu imetundikwa, Dalila na bandeji yake kitandani. Alitazama kila kitu. Alichoma kisu kidogo kwenye nguzo na kisu kikaingia mpaka kwenye mpini.

"Sasa nimeona," alisema.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Novemba 13
Wamekuja wawili na kopo la rangi nyekundu, wakaandika pembeni ya mlango mkubwa: IMEHUKUMIWA.

Karatasi ya hukumu hiyo nimeisoma polepole, na ninainakili ili nielewe. Kuanzia leo wapangaji hawatatozwa kodi. Kuanzia leo mwenye nyumba hatakiwi kutengeneza, kwa sababu nyumba haitengenezeki. Mtu yeyote haruhusiwi kuziba, kupigilia wala kuongeza chochote. Wapangaji watahamishwa, kisha nyumba itabomolewa.

Tulikwenda kuomba paa.

Nilimuuliza Ariel, aliyekuja nao, kama mwezi wa Agosti angeziona ndoo, ingekuwaje. Hakutaka kujibu. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema wakati ule nguzo zilikuwa bado zina uhai, angeweza kumlazimisha mwenye nyumba abadilishe paa. Maji ya miezi miwili hii ndiyo yaliyozimaliza.

Sijamwambia Dalila.

Novemba 14
Don Evaristo amekuja, kofia mkononi, na keki ndani ya boksi.

"Mis Icilda, sina la kusema. Jambo limetoka mikononi mwangu."

Alimuuliza Dalila hali ya mguu. Aliniuliza presha. Alisema Egberto angesikitika. Miezi sita iliyopita maneno haya haya yalinipa faraja. Leo niliyasikiliza kama mtu anayesikiliza bomba: yanatiririka tu, hayaachi kitu.

Alipotoka nilimtazama dirishani. Alivaa kofia, akaenda hadi pembe ya nyumba, akageuka, akatembea kando ya ukuta mpaka pembe ya pili kwa hatua sawasawa, midomo ikicheza. Alikuwa anapima kiwanja.

Keki hatukuila. Dalila aliwapa watoto wa namba tatu, kisha akasema keki haina kosa, akala kipande.

Novemba 20
Upande wangu wa kitanda hautafaa tena. Nimelala upande wa Egberto. Kuna bonde la mwili wake. Nimelala ndani yake, na mvua imenikosa.

Novemba 28
Mvua.

Desemba 4
Tarehe imepangwa: kumi na nne, asubuhi. Majengo ya nje ya mji, chumba kimoja kila familia. Gari litachukua kitanda, jiko na mizigo mitatu kwa kila chumba. Kiti cha kubembea nimekiulizia, wamesema ikibaki nafasi. Dalila amepangiwa jengo jingine. Kutoka huko hadi kona yake ya bustani ni mabasi mawili.

Desemba 9
Nimekirudisha kiti kwenye mifereji yake. Kimetulia.

Desemba 13
Vitanda vimeshateremshwa tangu asubuhi, viko chini vimefunikwa kwa turubai. Chumba kimekuwa kikubwa. Nta ilikuwa imebaki nusu kopo, na haikuwa na maana kuisafirisha. Nikapiga magoti.

Dalila alinikuta hivyo. Aliegemea mlango na fimbo yake.

"Wewe! Wanaokuja kesho ni watu wa shoka. Unawang'arishia?"

"Wageni ni wageni," nilisema.

Aliondoka. Nilimsikia akigonga fimbo ukumbini mpaka kwake, kisha nikamsikia akirudi. Alikuwa na kumbi lake la nazi. Hawezi kupiga magoti kwa sababu ya mguu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha Egberto, akaliweka kumbi chini ya mguu mzima, akawa anasugua akibembea. Hakuna aliyekuwa amekaa pale tangu Februari. Nilitaka kumwambia atoke. Sikumwambia. Tulisugua mpaka alasiri, mimi nikapitisha kitambaa ndani ya mifereji yote miwili kwa kidole, na sakafu ikawaka.

Kisha mvua ikaanza. Dalila akaziweka ndoo moja moja, kila moja mahali pake, sasa tunapajua bila kutazama. Zilikaa vibaya juu ya nta ile, za plastiki, moja bila mkono. Nikaikamata ya kwanza ili niisukume chini ya kitanda, na kitanda hakikuwepo.